Lijamu iko kinywani mwa nani, na hatamu iko mkononi mwa nani?



Jumatano moja tulikuwa tukisoma Waraka wa Yakobo, mlango wa tatu, pale mtume anaposema habari za ulimi. Kijana mmoja wa kwaya akanyosha mkono, akauliza: "Baba Shemasi, lijamu ni kitu gani?" Nikamwambia ni kitu cha farasi. Akauliza tena: "Ni tandiko?" Mama mmoja akajibu kwamba ni mjeledi. Mzee mmoja akasema ni dawa wanayonyweshwa farasi wakaidi, kwa sababu imeandikwa kwamba inatiwa kinywani. Tukacheka wote, lakini mimi nilicheka kwa kujificha, maana siku ile mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Neno lile nimelisoma tangu masomo ya sekondari, nimelihubiri mara nyingi, na kitu chenyewe sijakiona hata siku moja. Nikaahidi kujibu kwa maandishi. Hili ndilo jibu, na limekuwa refu kuliko swali. Mnisamehe.

Kwanza niseme juu ya nini hatukijui kitu hiki. Si ujinga wetu. Farasi hakai kwetu. Mbung'o, inzi wa jamii ile ile inayotuletea sisi watu ugonjwa wa malale, akimuuma farasi humtia ugonjwa unaoitwa nagana, akakonda, akafa. Daktari David Bruce alionyesha mwaka 1895, kule Zululand kusini mwa Afrika, kwamba ni inzi huyo anayebeba vijidudu vya ugonjwa ule wa damu. Ndiyo sababu misafara ya pwani ilitembea kwa miguu. Livingstone alifika hapa kwetu mwaka 1869, mahali alipopaandika Bambarre, na mwaka uliofuata alilala hapa hapa miezi kadhaa kwa vidonda vya miguu. Stanley naye alipita Manyema mwaka 1876 na punda wachache wa kupanda, akaandika kwamba watu wa vijiji walikimbia mbio kuwatazama wale wanyama wa masikio marefu, hata kuliko walivyowatazama wageni wenyewe. Basi labda siku ile babu wa mmoja wetu aliona hatamu kwa macho yake, kisha punda wakapita, na neno likabaki bila kitu chake.

Lakini kongwa mababu walilijua vema. Msafara uliokosa farasi ulitumia shingo za watu. Kongwa ni mti wenye panda: shingo ya mtu inaingizwa katika ile panda, inafungwa kwa mbele, na ncha ya nyuma inashikwa au inafungwa pamoja na ya mwenzake. Namna hiyo watu walipitishwa kutoka Nyangwe na Kasongo, kupita Kabambare, mpaka Ujiji, na pembe za ndovu vichwani. Baadaye, katika siku za Leopold II, ikaja minyororo ya shingo. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia kwamba anafungwa ili aongozwe, haoni farasi mzuri wa mfalme. Anamwona babu yake. Nimeandika haya mapema ili msije mkadhani ninawahubiria kongwa. Yakobo hakusema kongwa. Alisema lijamu, na vitu hivi viwili havifanani.

Lijamu ni kipande cha chuma kinachokaa ndani ya kinywa cha farasi, kikilala juu ya ulimi. Farasi ana meno ya mbele na magego ya nyuma, na katikati Mungu ameacha nafasi isiyo na jino lolote, kushoto na kulia. Chuma kinakaa pale. Hatamu ndiyo kamba au mikanda inayozunguka kichwa na kufika mkononi mwa mpanda farasi. Maneno yote mawili yametoka kwa Waarabu kwa njia ya watu wa pwani, na hatamu kwao ilikuwa kwanza kamba ya pua ya ngamia. Biblia zetu zinayaweka pamoja, kwa mfano katika Zaburi ya 32, lakini ukiyatazama vizuri utaona kwamba lijamu ni ncha ya kinywani, na hatamu ni ncha ya mkononi.

Tazameni sasa jinsi watu wanavyotumia maneno haya mawili, maana hapa ndipo nilipoanza kuogopa. Hatamu inapendwa sana. Marehemu baba yangu alikuwa akisikiliza redio ya Tanzania, na alinihadithia kwamba kule, baada ya katiba kubadilishwa mwaka 1975 ili chama kiwe juu ya vyombo vyote, ilisemwa miaka mingi kwamba chama kimeshika hatamu. Kwetu sisi chama cha MPR, kilichoundwa mwaka 1967, kilishika hatamu kwa nguvu zaidi: mtoto alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa, kabla hajajua kutembea. Mwaka 1990 Mobutu alikubali vyama vingine, na mwaka 1997 akaondoka. Tangu hapo tumesikia wangapi wakisema nao wanataka kushika hatamu? Hata katika komite ya wamama wa kanisa niliwahi kusikia mgombea akisema hivyo. Lakini semeni kweli: ni nani mmemsikia akisema, "Naomba nitiwe lijamu"? Kila mtu anataka ile ncha ya mkononi. Ncha ya kinywani anamwachia jirani.

Kijana wangu wa kwaya bado atasema, "Sawa, Baba Shemasi, lakini mimi sina farasi." Una kinga, ndugu yangu. Baiskeli zetu ndizo farasi wa Maniema, ndizo zinazobeba mawese, mihogo na chumvi kati ya hapa na Kasongo. Tena nina habari ya kukufurahisha. Ile freni unayoishika kwa vidole ni neno la Kifaransa, frein, na Wafaransa walilipata kwa Walatini, ambao kwao frenum ilikuwa lijamu ya farasi! Kumbe tumekuwa nayo barabarani siku zote, tena tunaikosa siku zote, kwa maana nusu ya kinga zetu hazina freni. Mtu anashuka mlima na bido nne za mawese, anasimamisha gurudumu kwa kipande cha ndara. Mmewaona wanaofika chini salama, na mmewaona wale wengine pia. Sijasikia msafiri hata mmoja akisema freni inamdharau au inamnyang'anya safari yake. Anayechukia freni hajashuka mlima wa Luama na mzigo.

Basi lijamu haimzuii farasi kwenda. Inatiwa kwa sababu anakwenda. Farasi aliyekufa haitaji lijamu, na farasi aliye zizini hufunguliwa, hutolewa ile chuma ili ale. Hapa tutenganishe jambo ambalo sisi watu wa kanisa tunalichanganya. Kuna lijamu, na kuna kifungo cha kinywa. Kifungo cha kinywa ndicho kile Torati inachokataza kumfunga ng'ombe anapopura nafaka, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 25. Mwenye lijamu anafungua kinywa na anageuka. Aliyefungwa kinywa hawezi hata kula kile anachokifanyia kazi.

Mfano tunao katika nchi yetu. Simon Kimbangu wa Nkamba alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa mwezi wa nne mwaka 1921. Wakubwa wa koloni walipotuma watu kumkamata, aliponyoka, lakini mwezi wa tisa alijitoa mwenyewe mikononi mwao, wala hakuwaita wafuasi wake wachukue mapanga. Naita hiyo lijamu, nayo alijitia mwenyewe. Tarehe 3 mwezi wa kumi mahakama ya askari ikamhukumu kufa, mfalme Albert akabadili hukumu iwe kifungo cha maisha, na akakaa gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa mwaka 1951. Miaka 30. Hicho kilikuwa kifungo cha kinywa, nacho alifungwa na wengine. Katika mtu mmoja unaviona vyote viwili, na hakuna awezaye kusema ni kitu kimoja.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kama lingekuwa swali la kijana tu, ningejibu kwa mistari mitano.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa shemasi wa zamu katika chumba kimoja cha maombi. Sitakitaja, wala kijiji chake. Waliletwa baba na mama na mtoto wao wa miaka kama mitatu, ana homa kali na degedege. Nabii mmoja alikuwa akitumika usiku ule. Akaingia katika roho, akasema kwamba aliyemfunga mtoto anakaa ndani ya lupango ya wazazi wake, ni mzee, anauza chumvi kwa kijiko. Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka upande wa Koko mmoja mjane, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, naye amekuja kumwombea yule mtoto.

Mimi nilijua mambo mawili ambayo nabii hakuyajua. Siku mbili mbele ya hapo mfirmiye alimpima mtoto damu akaona malaria, akaandika dawa, na baba alinunua nusu tu kwa sababu fedha haikutosha. Na fedha ya ile nusu alikopeshwa na nani? Na Koko wa chumvi. Nilijua kwa maana nilikuwa shahidi wa deni lile, nilihesabu noti kwa mkono wangu.

Nikanyamaza. Nilikuwa na kitabu cha zamu mapajani, na nakumbuka nilikazia macho ukurasa mtupu. Ndani yangu nilijiambia maneno mazuri sana: shemasi asiingilie nabii, ulimi ni moto, nimejitia lijamu. Ndiyo, neno hili hili. Nililitumia kama mtu anavyotumia blanketi. Kweli ilikuwa nyingine: niliogopa kwamba nikisema, vichwa vile vitageuka upande wangu.

Usiku ule mawe yalipigwa juu ya paa la Koko. Alfajiri aliondoka na beseni kichwani. Ndugu ya mama wa mtoto alinunua nusu ya dawa iliyobaki, na mtoto akapona. Na watu walisemaje? Walisema, "Mmeona? Mchawi ameondoka, mtoto ameamka." Kupona kwa mtoto kukawa ushahidi juu yake, na sisi tulioijua dawa tulizidi kunyamaza, kwa sababu sasa kunena kulikuwa kugumu mara mbili.

Nimeisoma Zaburi ya 39 tangu siku zile mara nyingi kuliko sura nyingine yoyote. Mwimbaji anasema atajitia lijamu mbele ya mtu mwovu. Wahubiri wengi wanakomea pale, na mimi nilikuwa mmoja wao. Endeleeni mistari miwili tu. Anakiri kwamba alinyamaza hata juu ya mambo mema, na maumivu yake yakachafuka ndani yake, na moyo ukawaka moto, mpaka akanena. Lijamu aliyojitia mwenyewe iligeuka kuwa kifungo cha kinywa, na yeye ndiye wa kwanza kuona kosa. Mimi nilichukua miaka miwili.

Kisha nilipanda kinga nikaenda upande wa Kongolo, ambako niliambiwa Koko anakaa kwa binti ya dada yake. Siku mbili za njia. Nilitayarisha maneno njiani, marefu, yenye mistari ya Biblia. Alinipokea vizuri, akanipa maji, akaniwekea kiti, yeye akaa juu ya mkeka. Mbele sijafungua kinywa, akaniuliza:

"Siku ile ulikuwa pale, Shemasi?"

"Nilikuwapo, Koko."

"Sikukusikia."

Hakusema zaidi juu ya jambo hilo. Aliuliza kama mtoto ameanza masomo.

Niliporudi nilisimama mbele ya kusanyiko nikasema yote, habari ya damu iliyopimwa, ya noti nilizohesabu, na ya woga wangu. Wengine walitoka nje. Mmoja alisema Koko amenilisha kitu. Hayo nayaacha.

Lakini neno moja la ndugu zangu manabii sitaliacha, kwa sababu walilisema kwa moyo safi. Walisema: "Shemasi, unataka kumtia Mungu lijamu? Roho anavuma apendako." Ndugu zangu, hapana. Farasi katika mfano huu si Roho. Farasi ni kinywa chako na changu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, waraka wa kwanza, mlango wa 14, kwamba manabii wawili au watatu waseme na wengine wapambanue, na kwamba roho za manabii zinawatii manabii. Basi nabii anaweza kungoja. Unabii wa kweli haufi kwa kungoja mpaka asubuhi, wazee waulize mtoto amepimwa wapi na dawa imekwisha au bado. Kama neno lilikuwa la Mungu juzi, na kesho litakuwa la Mungu. Kama halikuwa, Koko amelala nyumbani mwake. Tena kwa watoto serikali yenyewe imekwisha kusema: Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Je, tungoje kifungu kingine kwa ajili ya wajane?

Na ninyi mnaopenda kutia wengine lijamu, wachungaji, waume, wazazi, mimi pia, sikieni jambo ambalo wenye kufuga farasi wanalijua. Mkono ukivuta hatamu kwa nguvu kila siku, chuma kinaumiza kinywa, pale pa jeraha pananenepa ngozi ngumu, na farasi anaacha kusikia. Halafu mpandaji anavuta zaidi, na farasi anasikia pungufu zaidi. Nimeona nyumba za namna hiyo. Baba anapiga kelele tangu asubuhi, na watoto wanapita mbele yake kama mbele ya redio iliyokosa stesheni. Mwenye mkono mzuri, wanasema, anagusa kamba kwa vidole tu.

Sijui bado kupima kila mara kama kunyamaza kwangu ni lijamu au ni kifungo. Nina swali moja ninalojiuliza sasa: ninamnyamazia nani? Nikinyamaza ili mtu mwingine asiumizwe na hasira yangu, naweza kulala usingizi. Nikinyamaza ili mimi nisiumizwe na mtu anaumizwa mbele yangu, kitabu cha zamu kinafunguka tena katika ule ukurasa mtupu.

Kijana wa kwaya, jibu lako ndilo hilo. Ukitaka kuona sura yake, nimeichora ubaoni nyuma ya mlango wa chumba cha mafundisho. Kichwa cha farasi kimefanana na cha mbuzi, usicheke, tazama chuma tu.

Neno la mwisho ni la kazi. Koko ametuma habari kwamba atarudi kiangazi, kama nyumba ina paa. Fundi amehesabu matita 40 ya nyasi. Mpaka Jumapili iliyopita yalikuwa yamefika 26. Mawili kati yake yaliletwa usiku, yakasimamishwa ukutani mwa kanisa, na aliyeyaleta hakubisha hodi, lakini mlinzi alimtambua: ni baba wa yule mtoto. Bado 14. Wenye nyasi ndefu upande wa Luama wamwone mama katibu kabla ya Jumamosi.